Kupima Misuli ya Mwanamichezo Kakamega: Tepu, Mzani au Mashine ya Mamilioni?

Kaunti ya Kakamega haina uhaba wa misuli. Kakamega Homeboyz walitwaa Kombe la FKF mwaka 2023. Kabras Sugar wa Malava walibeba Kenya Cup ya raga mwaka 2016, wakarudia 2022. Kakamega School, wale Green Commandos, wamelea wanasoka kwa miongo mingi. Kandanda na raga ni michezo ya kuchomoka mbio, kusimama ghafla na kugeuka, na msuli unaolia kwanza ni ule wa nyuma ya paja. Mchezaji akiushika akiwa mbioni, klabu imempoteza kwa wiki kadhaa.

Ndiyo maana makocha wengi sasa wanaulizia vipimo. Wameona picha za klabu za Ulaya, mchezaji amelala kitandani, waya zimebandikwa pajani, na kompyuta inaonyesha mguu wa kulia na wa kushoto kwa rangi mbili. Mwenyekiti wa klabu naye anauliza swali lake la haki: ni pesa ngapi, na zitaokoa nini?

Makala haya yanalinganisha njia zilizopo, kuanzia mashine ghali hadi vifaa vya uwanjani. Bei za shilingi zilizotajwa ni za kupangia bajeti. Muuzaji akikupa nyingine, shika ya muuzaji.

Unanunua nini hasa?

Kabla ya kutoa hata senti, tenganisha mambo matatu ambayo wauzaji hupenda kuyafunga katika kifurushi kimoja.

La kwanza ni nguvu, yaani msuli unavuta au kusukuma kwa kiasi gani. La pili ni tabia ya msuli unapokaza: unachukua muda gani kukaza, unafura kiasi gani, unalegea baada ya muda gani. La tatu ni ulinganifu, yaani pande mbili zinakaribiana vipi. Hili la tatu halina mashine yake. Ni hesabu inayofanywa juu ya vipimo vingine: gawanya matokeo ya mguu dhaifu kwa ya mguu imara, zidisha kwa 100. Mguu wa kulia ukiruka sentimita 182 na wa kushoto 164, ulinganifu ni asilimia 90.

Mashine nzuri ya jambo la pili inaweza isikwambie lolote kuhusu la kwanza. Hapo ndipo klabu nyingi hulipia jibu la swali ambalo hazikuuliza.

Daraja la juu: mashine za maabara

Inayozungumzwa sana kwa tabia ya msuli ni tensiomaiografia. Ilizaliwa Slovenia, katika Chuo Kikuu cha Ljubljana, mikononi mwa Vojko Valenčič na wenzake. Mwanamichezo analala au kuketi akiwa ametulia kabisa. Kijiti chenye springi kinakandamizwa juu ya tumbo la msuli, elektrodi zinabandikwa kandokando yake, kisha unapitishwa umeme mdogo wa milisekunde moja. Msuli unashtuka wenyewe. Kijiti kinapima umefura milimita ngapi, na umetumia milisekunde ngapi kutoka asilimia 10 hadi asilimia 90 ya kufura huko. Umeme unaongezwa kidogo kidogo mpaka msuli usiweze kufura zaidi.

Faida yake ni kwamba mchezaji hawezi kudanganya, maana hajitumi. Hachoki pia, kwa hiyo anaweza kupimwa hata siku moja kabla ya mechi. Tena hakatwi nyama. Mtaalamu wa Uswidi Bengt Saltin na wenzake walipotaka kujua misuli ya wakimbiaji wa Kenya imeumbwa vipi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, walichukua vipande vya msuli wenyewe kwa sindano. Watafiti wa Slovenia baadaye walilinganisha muda wa kukaza unaosomwa na kijiti na vipande vya aina hiyo, wakakuta kwamba msuli wenye nyuzi nyingi za mwendo wa polepole huchelewa kukaza. Kwa mtafiti, hiyo ni njia ya kukisia muundo wa msuli bila kidonda.

Hasara yake ni kwamba haipimi nguvu. Inapima msuli mmoja wa juu juu, ukiwa umelala, ukishtuliwa na umeme. Mchezaji wa raga anayejeruhiwa akikimbia kasi na mpira kifuani hafanani sana na mtu aliyelala kitandani. Halafu kijiti kikisogezwa kidogo kutoka kilipokaa mwezi uliopita, namba inabadilika. Bei yake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya yuro. Kuna kifaa kidogo cha mkononi kutoka Estonia, Myoton, kinachougonga msuli kwa juu na kusoma ugumu wake. Ni rahisi kubeba, lakini nacho kinauzwa kwa maelfu ya yuro na hakipimi nguvu.

Kwa upande wa nguvu, mfalme wa zamani ni kiti cha aisokinetiki, kama kile cha Biodex. Mchezaji anafungwa mikanda, anapiga teke na kuvuta kwa kasi iliyowekwa, nayo mashine inachora nguvu ya goti kwa kila pembe. Hiki pia ni cha makumi ya maelfu ya dola. Kwa kiwango cha karibu shilingi 130 kwa dola moja, hesabu inaanzia kwenye mamilioni.

Je, kinatabiri majeraha? Hospitali ya michezo ya Aspetar mjini Doha ilikuwa na kila kitu ambacho klabu ya hapa ingeota. Wataalamu wake waliwapima wachezaji 614 wa kulipwa wa Qatar, wakawafuatilia, na 190 kati yao wakaumia msuli wa nyuma ya paja. Matokeo yalitoka mwaka 2016: uhusiano kati ya namba za kiti na majeraha ulikuwapo, lakini ulikuwa hafifu mno kuweza kumtambua mchezaji atakayeumia. Ikiwa kiti cha Doha hakikuweza, cha kukodi kwa siku moja Nairobi hakitaweza.

Daraja la kati: vifaa vya klabu zenye mkataba

Kampuni ya VALD ya Brisbane, Australia, inauza NordBord, ubao wenye ndoano mbili za kushika vifundo vya miguu. Mchezaji anapiga magoti na kujishusha mbele polepole, na ubao unasoma kila mguu unavuta kwa nguvu kiasi gani. Kuna pia mabamba mawili ya nguvu ambayo mchezaji anayarukia, kila mguu ukiwa na bamba lake. Vifaa hivi hufika uwanjani na kumaliza kikosi kizima kwa muda mfupi. Gharama yake ni maelfu ya dola, na mara nyingi hulipwa kila mwaka kwa sababu programu yake inauzwa kwa usajili. Ukiacha kulipa, unabaki na ubao mzuri wa kupigia magoti.

Ubao huo umetoa majibu mawili ambayo mnunuzi anapaswa kuyaweka pamoja. Kwa wachezaji wa kandanda ya Kiaustralia, ambayo si soka yetu, utafiti wa 2015 ulikuta kwamba walioanza maandalizi ya msimu wakiwa chini ya nyutoni 256 waliumia zaidi, lakini tofauti ya kulia na kushoto haikuongeza hatari. Mwaka huohuo, utafiti kwa wachezaji wa raga ulikuta kinyume: tofauti ya asilimia 15 au zaidi iliongeza hatari mara 2.4, na ya asilimia 20 au zaidi ikaifikisha mara 3.4. Kwa hiyo klabu ya raga ina sababu ya kuujali ulinganifu wa paja kuliko jirani yake wa soka. Klabu ya soka iangalie kwanza kama mchezaji ana nguvu za kutosha.

Katika daraja hili yumo pia mtaalamu wa fiziotherapia mwenye dainamomita ya mkononi, kifaa kinachoshikwa kati ya kiganja na mguu wa mchezaji. Chapa zinazojulikana huanzia dola elfu moja hivi. Kwa mchezaji mmoja, kwenda kliniki ya kibinafsi huanzia shilingi elfu moja na kuendelea kwa ziara. Uliza mapema kama kifaa hicho wanacho, maana wengi hupima kwa mkono mtupu na kutoa alama hadi tano. Alama hiyo inamfaa mgonjwa anayejifunza kutembea. Kwa mwanamichezo, tofauti ya asilimia 20 inaweza kujificha ndani ya alama ya tano. Hakikisha pia kwamba ana leseni ya Baraza la Wataalamu wa Fiziotherapia, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014.

Daraja la uwanjani: chini ya shilingi 10,000

Hapa ndipo thamani ya pesa ilipo, mradi kazi ifanywe kwa nidhamu.

Tepu ya kupimia, ya mita 30, kutoka duka la vifaa vya ujenzi: tenga shilingi 1,000. Mchezaji anaruka kwa mguu mmoja na kutua kwa huohuo bila kuyumba. Anarudia kwa miruko mitatu mfululizo. Chukua bora kati ya majaribio matatu kwa kila mguu. Udhaifu wake ni kwamba mguu mjanja hulificha goti bovu: nyonga na kifundo hubeba kazi ambayo goti limekwepa, na umbali unatoka sawa. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa goti, tepu peke yake isimpe ruhusa ya kurudi uwanjani.

Benchi au kreti ya urefu wa sentimita 60: bure. Mchezaji analala chali, kisigino kimoja juu ya benchi, mguu mwingine hewani, kisha anainua kiuno na kukishusha mpaka ashindwe. Wataalamu wa Australia waliotumia jaribio hili waliita chini ya mara 20 hafifu, 25 wastani, na zaidi ya 30 nzuri. Hesabu kila mguu peke yake. Kwa shavu la mguu, asimame kwa mguu mmoja na kuinuka kwa vidole. Lengo linalotumika sana ni mara 25.

Mashine ya presha ya mpira wa kubinya: tenga shilingi 3,000. Mchezaji analala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Weka mfuko wa mashine katikati ya magoti, upulize mpaka mshale usome 10, kisha mwambie abane kwa nguvu zake zote na usome mshale unafika wapi. Katika utafiti kwa wachezaji wa kandanda ya Kigaeli ya Ireland, walioshindwa kufika milimita 225 za zebaki kabla ya msimu walikuwa katika hatari zaidi ya kuumia kinena. Usinunue mashine ya betri inayojipuliza yenyewe: ikibanwa hivyo huandika kosa na kujizima. Kumbuka pia kwamba magoti yote mawili yanabana mfuko mmoja. Kipimo hiki kinasema kinena kina nguvu au hakina, lakini hakisemi ni upande gani.

Mzani wa kuning'iniza wa kidijitali, ule wa kupimia magunia, pamoja na mkanda imara: tenga shilingi 5,000. Funga upande mmoja kwenye nguzo ya goli, mwingine kwenye kifundo cha mguu, mchezaji alale kifudifudi, goti likiwa limekunjwa kidogo, avute kwa sekunde tano. Mzani ukisoma kilo 30, zidisha kwa 9.81 upate nyutoni 294. Namba hii usiilinganishe na ile ya 256 ya ubao, kwa kuwa zoezi ni tofauti. Ilinganishe na mguu wa pili na ya mwezi uliopita.

Simu: unayo tayari, lakini hapa pana mtego. Programu za kupima urefu wa mruko hutumia muda ambao mchezaji amekaa hewani. Muda huo unajizidisha wenyewe, kisha unazidishwa kwa 9.81 na kugawanywa kwa nane. Mtu anayeruka sentimita 15 kwa mguu mmoja hukaa hewani sekunde 0.35 hivi. Simu inayopiga picha 30 kwa sekunde inaacha pengo la milisekunde 33 kati ya picha na picha. Ukikosea picha moja tu, sentimita 15 zinakuwa 18, na ulinganifu unashuka hadi asilimia 83 kwa mchezaji ambaye hana tatizo lolote. Simu yenye picha 240 kwa sekunde, ikikosea picha moja, inatoa 15.4. Kabla ya kumwambia kijana kwamba mguu wake wa kushoto ni mbovu, fungua mipangilio ya kamera. Kama haina 240, rudi kwenye tepu.

Gharama zisizoandikwa kwenye bei

Safari. Kisumu ni kilomita 50 hivi, Eldoret kama mara mbili ya hapo, na Nairobi ni safari ya usiku. Tukichukulia nauli ya basi ya shilingi 1,500 kwenda Nairobi, wachezaji 25 kwenda na kurudi ni shilingi 75,000 kabla hawajala, hawajalala, wala hawajapimwa. Hizo zinanunua vifaa vyote vya uwanjani mara nane. Na wanafika wakiwa wamekakamaa kwa kukaa kitini usiku kucha, hali ambayo kipimo cha ugumu wa msuli kitairekodi kama ugonjwa.

Ushuru na usajili. Kifaa kinachoagizwa nje kinaweza kudaiwa VAT ya asilimia 16, pamoja na ada ya kuingiza bidhaa na tozo ya reli. Kikihesabiwa kuwa kifaa cha tiba, Bodi ya Famasia na Sumu nayo ina la kusema. Mwambie wakala akupe hesabu ya mwisho, mzigo ukiwa Kakamega, ikiwemo ada ya programu ya miaka mitatu na namna ya kupata fundi.

Mpimaji. Mashine haijipimi. MMUST, chuo kilichopo hapa mjini, hufundisha sayansi ya michezo. Klabu inayompa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo daftari na tepu, chini ya mhadhiri wake, inapata msimu mzima wa vipimo kwa gharama ya chakula na nauli ya boda.

Siri za mchezaji. Namba za misuli ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu kuwa nyeti. Mchezaji aelezwe nani atazisoma, na akubali. Kijana ambaye upungufu wa mguu wake umetumiwa kumpunguzia mshahara hatajituma tena siku ya kipimo, na kuanzia hapo daftari lote ni uongo.

Ulinganifu usikupumbaze

Asilimia 90 imekuwa kama alama ya kufaulu mtihani, hasa kwa anayerudi kutoka upasuaji wa goti. Ina mitego miwili. Mchezaji aliyekaa nje miezi tisa hudhoofika miguu yote miwili, hivyo ulinganifu unapendeza huku miguu yote ikiwa chini ya ilivyokuwa. Dawa yake ni kuwa na namba za kabla ya jeraha, na hizo hazinunuliki baadaye kwa bei yoyote. Mtego wa pili ni kwamba mpiga mpira wa mguu mmoja huwa na tofauti ya kawaida. Usiudhoofishe upande imara ili hesabu ilingane. Uongezee nguvu ule dhaifu.

Tena kuna tiba isiyosubiri kipimo. Katika utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2011, wachezaji 942 waligawanywa katika makundi mawili. Waliofanya zoezi la Nordic, lile la kupiga magoti huku mwenzako akikushika vifundo na wewe ukijishusha mbele, walipata majeraha 15 ya nyuma ya paja. Wasiolifanya walipata 52. Zoezi hilo halihitaji hata shilingi moja. Vivyo hivyo FIFA 11+, programu ya kupasha misuli moto kabla ya mazoezi, inapatikana bure.

Nani anunue nini?

Shule na klabu za mtaani: tepu, benchi na mashine ya presha. Pima kikosi kabla ya msimu, kisha kila baada ya wiki nne, mpimaji yuleyule, saa ileile, uwanja uleule. Nordic iwe kwenye ratiba kila wiki, kipimo kiwepo kisiwepo.

Klabu ya ligi kuu au ya Kenya Cup: ongeza mzani na dainamomita ya mkononi. Kama kuna mdhamini, ubao wa nyuma ya paja una hoja, na klabu mbili za kaunti moja zinaweza kuuchangia, maana kikosi kizima hupimwa siku moja. Usisaini usajili wa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuona nani ataufanyia kazi.

Mwanamichezo mmoja mmoja anayelenga timu ya taifa: lipia ziara mbili kwa mtaalamu wa fiziotherapia mwenye dainamomita, moja kabla ya msimu na moja katikati, na umtake akuandikie namba. Omba nakala yako.

Aliyetoka kwenye upasuaji wa goti: huyu ndiye mwenye sababu ya kusafiri hadi kwenye kiti cha aisokinetiki, kwa rufaa ya daktari wake, mara moja au mbili, pale uamuzi wa kurudi uwanjani unapokaribia.

Tensiomaiografia: iachie chuo kikuu au timu ya taifa yenye mtafiti wa kudumu na swali mahususi. Kipimo chake cha mara moja, kwa klabu yoyote ya Kakamega, ni pesa zilizopotea.

Na kwa kila kipimo unachouziwa, muulize muuzaji swali moja mbele ya kocha: namba hii ikitoka mbaya, kesho asubuhi mchezaji huyu atafanya zoezi gani ambalo leo hafanyi? Asipojibu, rudisha pochi mfukoni, nenda kanunue tepu.